Mama Sita na Kibonye Kilichonyamaza

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha piano ya jazi chuoni kwetu, mwalimu tunayemwita Mama Sita anastaafu. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake na kuusoma hapa mimi fundi wa piano, eti kwa sababu ndiye niliyegombana naye kuliko wote. Sina la kukanusha.

Jina hilo lilitokana na skeli ya bluzi, yaani ngazi ya sauti yenye noti sita. Mwanafunzi akiingia kwa mbwembwe, vidole vikikimbia kibao kizima, Mama Sita alimpa noti hizo sita tu kwa muhula mzima. Mkono wa kushoto uhame utakavyo. Wa kulia ubaki na sita zake, na kwa hizo hizo mwanafunzi aulize, alalamike, atanie. Na asichoweza kukiimba, asikipige. Wengi walinung'unika kwamba walikuja kusoma muziki wakapewa adhabu. Nami kila Jumatatu nilikuta vibonye vile vile vimelegea kwa kupondwa, nikampelekea malalamiko. Alinijibu kwamba piano inayodumu mpya ni ile isiyopigwa na mtu. Nilinuna, kisha nikarekebisha.

Ila mwenyewe akikaa kupiga, loo, hapo maneno yananiishia. Nazijua nyundo na nyuzi za piano zile zote, lakini mpaka leo sijui yule mama alizitoa wapi sauti zile. Noti ya nne katika zile sita hukwaruza sikio ukiing'ang'ania. Aliwaambia wanafunzi kwamba hiyo ni ya kupitia, si ya kuhamia. Yeye aliigusa kidogo tu, akateleza kwenda kwa jirani yake, na mwili ukanisisimka. Mpishi wa kantini aliunguza sufuria mbili kwa kumsikiliza, na hakujuta.

Miaka kumi na moja iliyopita walikuja wakaguzi watatu kuamua kama darasa lake lifungwe. Walidai kwamba kubuni muziki papo kwa papo ni kipaji, hakufundishiki. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeng'oa nyundo ndogo inayogonga uzi wa noti ile ya nne ili niitengeneze, nikaitwa chumba kingine, nikasahau kuirudisha. Ilikuwa mfukoni mwangu.

Mwanafunzi wake, binti mwenye haya, alipokibonyeza kibonye kile hakikutoa kitu. Akaganda. Nikajua nimelizika darasa. Mama Sita, aliyeketi benchi la nyuma, hakuinuka. Aliiimba noti ile, mahali pake hasa. Binti akaelewa, akaendelea, na kila alipoifikia, mwalimu wake aliijaza kwa sauti. Kumbukeni, muziki ule haukuandikwa popote, ulikuwa unazaliwa pale pale. Hata hivyo Mama Sita hakuchelewa hata mara moja. Wakaguzi waliacha kuandika, mmoja akavua miwani akafuta macho. Darasa likabaki.

Lakini ripoti iliuliza kwa nini piano ilikuwa mbovu. Mama Sita alisema ni yeye aliyeagiza ifunguliwe siku ile, akapewa barua ya onyo. Alijua mkataba wangu ulikuwa ukingoni, na mke wangu ndiyo kwanza amejifungua. Nami nikatulia kama maji mtungini, miaka yote hiyo. Hakunikumbusha hata kwa utani.

Leo, mbele ya mkuu wa chuo na wafanyakazi wote, nasema kosa lile lilikuwa langu. Naiomba ofisi iitoe barua ile kwenye faili lake kabla hajaondoka, na kama ni lazima ipate pa kukaa, iwekwe kwenye langu.

Anahamia kwa dada yake mkubwa, aliyekwisha kuonya kwamba hataki kelele nyumbani. Tunampa pole huyo dada mapema.

Mama Sita, asante kwa kila ulichotufundisha. Nenda salama, Mungu akupe afya na siku nyingi za raha. Na mimi, mama yangu, unisamehe.