Mpya Mbili au za Kuvishwa Nne

Benchi letu lipo Igogo, Mwanza, kwenye kona, linatazamana na duka la tairi la Shigela. Ni ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, na ukikaa pembeni kabisa, mwenzako akisimama ghafla, unakwenda chini. Mimi naitwa Yakobo, nauza kahawa hapa kila asubuhi. Sina gari, sina leseni, na sina upande, ila nina masikio, na wateja wangu watatu wa kudumu hawajui kunyamaza. Wa kwanza ni Alexander, tunamwita Pancha, aliyeziba mipira ya baiskeli miaka ishirini na siku hizi anajitambulisha kama mtaalamu wa magari. Wa pili ni mzee Shimba, tunamwita Meja kwa sababu aliwahi kuwa mgambo, cheo kingine hatujakiona. Wa tatu ni mwalimu mstaafu Lwakatare, Mhaya wa Muleba, ambaye tunamwita Nshomile, yaani msomi, kumtania na yeye anapokea kama sifa. Jumanne iliyopita akaja Venant, dereva wa hardtop ya parokia moja huko ndani Misungwi, ile gari inayobeba wajawazito kuwaleta hospitali. Akaipaki mbele ya duka la Shigela, akavuka barabara, akaja kuomba ushauri kwetu. Watu wenye shida hawachagui.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, Meja akajibu. Mbona umekunja uso hivyo, umefiwa?

— Tairi, mzee. Zote nne zimebaki kipara. Waumini wamechanga, na hela iliyopo Shigela anasema inatosha mpya mbili, basi mbili kuukuu zibaki. Au nichukue nne za kuvishwa.

Meja aliuliza za kuvishwa ndizo zipi, kwa sauti ya mtu anayejua ila anawaulizia wengine.

— Ni tairi iliyokwisha kutumika, Venant alisema. Wanakwangua ngozi iliyoisha, wanakagua mwili wake kama ni mzima, halafu wanaivisha ngozi mpya yenye meno ya matope. Bei yake nusu.

— Sasa si uchague tu, kijana.

— Nichague nini, mzee? Mvua zimeanza. Mwezi uliopita nilikwama mbugani, ule udongo mweusi, nyuma nimebeba mama ana uchungu. Tulisukuma toka saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana. Mtoto alizaliwa humo humo kwenye gari, akafa. Mimi ndiye niliyekuwa nashika usukani. Nikifumba macho naiona ile tairi inazunguka pale pale.

Wote watatu walimeza funda moja la kahawa. Nilipima kwa macho, funda moja tu. Kisha Pancha akapangusa mdomo.

— Chukua mpya. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda.

— Hicho kidonda umekiweka cha nini? Nshomile aliuliza.

— Maana yake hata ikikuumiza, imekuumiza ikiwa mpya. Huna wa kumlaumu.

— Alexander, wewe methali ungeziacha kwa waliosoma. Mwacha mila ni mtumwa. Tairi mpya ina mila gani? Imetoka kiwandani jana, haijawahi kuona hata dimbwi. Lakini hii ya kuvishwa, ule mwili wake umetembea, umepita mashimo, una kumbukumbu. Kule kwetu Muleba tulikuwa na lori la kubeba kahawa, tairi zake zimevishwa mara tatu. Dereva akilewa, lori linamrudisha nyumbani.

— Lenyewe? Pancha aliuliza.

— Lenyewe. Na likifika kwenye kona ya nyumba ya hawara yake, linapunguza mwendo.

Nilimwongezea kahawa maana nilitaka kusikia mwisho, lakini mwisho wenyewe haukuwepo. Venant alikuwa akitazama ng'ambo, kwenye gari. Meja akaona zamu yake imefika. Huwa anavuta kola kabla ya kusema.

— Msimpoteze mtoto wa watu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa wewe Venant, unataka tairi ya kuuza au ya kutembea?

— Ya kutembea, mzee.

— Basi chukua kibaya.

Pancha alicheka mpaka benchi likatikisika. Meja hakucheka. Alikuwa hajamaliza.

— Na hizo mpya zinatoka nchi za baridi. Mpira wa baridi ukikutana na jua la Mwanza unashtuka, unakakamaa. Ukinunua mpya, kwanza zipeleke pale Kigongo, zifukie kwenye tope la ziwa siku tatu. Zikitoka hapo zimeshakuwa wenyeji. Mgambo tulikuwa tunafanya hivyo.

— Mgambo mlikuwa na gari? Pancha aliuliza.

— Tulikuwa na tairi.

Hapo ndipo Pancha alipoona anapitwa. Mtu aliyeziba pancha miaka ishirini hawezi kukubali mgambo amzidi kwenye mpira.

— Nyie wote mnahangaika na ngozi. Kinachobeba gari ni upepo. Na upepo wa hapa Igogo una maji, ziwa hilo hapo. Ukijaza hapa umejaza unyevu, gari linakuwa zito, kwenye tope linazama. Jaza nusu tu hapa, nenda mpaka Usagara, malizia na upepo wa kule, mkavu. Sisemi zaidi, hiyo ni siri ya kazi.

— Na toka hapa mpaka Usagara aende na nusu? Nshomile aliuliza.

— Aende polepole. Mwenda pole hajikwai.

Venant aliinamisha kichwa. Nilimwonea huruma, nikampa kikombe bila kuombwa. Akanywa, akasema taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe, kwamba Shigela amemweleza vizuri. Za kuvishwa, kama mwili wake ni mzima, kwenye matope hazina tofauti na mpya. Hofu ni kwenye lami. Ukitoka Usagara unaingia mjini mbio, na jua hili, zinapata moto, na ngozi inaweza kubanduka.

— Basi usiende mbio, Meja alisema.

— Mama ana uchungu nyuma, nisiende mbio?

Meja alivuta kola, akaiachia. Lakini Nshomile alifundisha hesabu miaka thelathini na haachi swali ubaoni bila jibu. Akasimama, Pancha akashika ubao asianguke.

— Tufunge mjadala. Mpya mbili, zifungwe mbele. Kuukuu mbili zibaki nyuma. Usukani uko wapi?

— Mbele, wakajibu wote.

— Injini iko wapi? Dereva anakaa wapi? Padri akipanda anakaa wapi? Samaki huoza kuanzia kichwani. Linda kichwa.

Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu watu hao watatu kukubaliana. Hata mimi nilitikisa kichwa kukubali, sikatai. Venant aliinuka akampigia Shigela mluzi, akamwonyesha vidole viwili, halafu akaonyesha mbele ya gari. Shigela akasukuma jeki chini ya bampa. Sisi tukaendelea kunywa, tukijiona watu wa maana.

Gari lilipoanza kuinuka, mlango wa nyuma ukafunguliwa, akateremka mwanamke kijana, mjamzito, mkono kiunoni, khanga imejikunja kwa kulala. Hatukujua kama ndani mna mtu. Venant alikimbia kumshika mkono, akamvusha barabara. Akatuambia huyu ni Gladness, wa kijiji cha mbele ya parokia, amemleta kupimwa asubuhi na anarudi naye mchana. Mtoto amekaa vibaya, wamemwambia siku ikifika ajifungulie huku mjini, asithubutu kijijini. Imebaki kama mwezi.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, mwanangu, Meja alijibu, akampisha mahali pake. Karibu kahawa.

— Asante baba, kahawa sinywi. Mnafunga tairi?

Nshomile alifurahi kupata mwanafunzi mpya. Akamweleza yote tangu mwanzo, mpya mbili na za kuvishwa nne, lami na matope, usukani, injini, kichwa cha samaki. Alimweleza vizuri, lazima niseme haki. Gladness alisikiliza huku anajipepea kwa karatasi ya kliniki.

— Kwa hiyo mbele ni mpya.

— Mpya kabisa.

— Na nyuma zinabaki zile zile za kipara.

— Nyuma hakuna neno, Pancha alisema. Nyuma ni mzigo tu.

— Mzigo gani, baba?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Pancha akamtazama Nshomile. Nshomile akatazama kikombe. Meja alikuwa amesimama tayari, akabaki hivyo hivyo, kola yake hakuigusa. Mimi niliona aibu, maana nilitikisa kichwa pamoja nao.

Venant ndiye aliyeondoka kwanza. Alivuka barabara akamwambia Shigela ashushe jeki. Tulimsikia kutoka pale tulipokaa.

— Nipe nne za kuvishwa. Lakini nataka nizione moja moja, ndani na nje. Yenye kovu mwilini sichukui.

Shigela akalalamika kidogo, kisha akawasha tochi ya simu. Ilichukua muda. Waliikataa moja, wakaikataa nyingine, Venant anaingiza mkono mpaka begani anapapasa kwa ndani. Zilipopatikana nne akarudi kwetu, mikono myeusi, akachuchumaa mbele ya Gladness. Sijawahi kuona dereva akichuchumaa mbele ya abiria.

— Dada, kwenye matope hizi zitatupitisha. Lakini kwenye lami sitakiwi kukimbiza. Kwa hiyo tukubaliane. Siku ikifika usisubiri uchungu ukushike sana. Ukisikia dalili ya kwanza tu, hata kama huna hakika, nipigie. Nikupate mapema, twende taratibu, tufike. Sawa?

— Sawa.

— Simu unayo?

— Ninayo, kaka Venant. Ila nyumbani mtandao haushiki. Tukitaka kupiga tunapanda mlimani, kule juu kwenye mawe makubwa.

— Atapanda nani?

— Mume wangu yuko visiwani kwenye dagaa mpaka mwezi ujao uishe. Nitapanda mwenyewe.

Venant alibaki amechuchumaa. Ng'ambo, Shigela alikuwa amekwisha fungua nati za tairi ya kwanza, anazipanga kwenye kofia yake. Wateja wangu watatu walikuwa wamesikia kila neno, na nikasubiri mmoja wao aseme kitu, hata cha tope la Kigongo, hata cha upepo wa Usagara.

Mwishowe Meja alininyooshea kikombe. Nikamwambia kahawa imeisha. Haikuwa imeisha.