Jogoo Aliyemshinda Mzee Mahamudu

Gari dogo la abiria, Noah, lilipotoka Nachingwea kwenda Ruangwa, Mzee Mahamudu alikaa ameikunja miguu juu ya kiti, maana chini palikuwa na tenga, na ndani ya tenga alikuwamo jogoo wake. Jirani yake kitini, mfugaji wa ng'ombe aitwaye Lubasha, akamuuliza kama anakwenda kumuuza.

"Nakwenda kumuuza, mwanangu. Amenishinda. Siku hizi nyumbani kwangu naingilia dirishani."

Gari zima likacheka. Mahamudu naye akacheka, ingawa goti alilojikwangua dirishani bado lilimuuma. Akaeleza kuwa juzi jogoo alimrukia mjukuu wake, akamparura karibu na jicho, na mkewe, Munira, akasema achinjwe.

"Kisu nilikishika. Lakini nikakumbuka: mwewe aliposhukia vifaranga, huyu ndiye aliyepigana naye. Mimi nilikuwa nimejifungia jikoni."

"Basi usimuuze, mzee," Lubasha akasema. "Mkamate, mbane kwapani, zunguka naye uani mpaka apoe. Kila siku hivyohivyo. Atakuheshimu."

"Na jicho la mtoto?"

Lubasha akakuna kidevu. "Kwani leo umemkamataje?"

"Aliyemkamata ni mke wangu."

Gari likasimama Ruangwa. Mchuuzi wa kuku akachungulia mlangoni. "Mzee, jogoo anauzwa?"

Mahamudu akalitazama tenga, akamtazama Lubasha, kisha akatoa simu mfukoni.

"Subiri kidogo," akasema, "nimuulize mwenye nyumba."