Mzee Subirimvua na Jina la Mama Yake

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha mimea mikavu cha makumbusho yetu, Mzee Subirimvua anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mwandishi wa wasifu huu, unaosomwa katika hafla hii ya kumuaga, anatoka chumba cha pili, cha mijusi na nyoka, na ameazima kwake chai, gundi na busara kwa muda mrefu. Msikilizaji asitarajie maneno makavu.

Ukimtafuta Mzee, fuata harufu ya nafthalini, ile dawa ya kufukuza wadudu. Utamkuta katikati ya makabati ya chuma na magazeti ya zamani anayokaushia mimea, ambayo hawezi kuyafunga kabla hajabishana na refa wa mechi ya mwaka juzi iliyoripotiwa humo. Jangwani, mahali ambapo sisi tunaona mchanga mtupu, yeye hugonga bati la gari ashuke. Usiku mmoja wa baridi alifunika mimea yake kwa blanketi pekee lililokuwa kavu, naye akalala akitetemeka.

Wengi mnadhani jina la Subirimvua lilitokana na ubishi. Lilitokana na kosa. Akiwa bado mgeni kazini, alikuta bondeni kichaka kifupi chenye majani ya mviringo yenye manyoya, ambacho hakikuwa kimeandikwa popote. Ua hakuliona, lakini ujana haukumruhusu kungoja. Akakitangaza kuwa spishi mpya, ya kwanza maishani mwake, akakipa jina la mama yake mzazi. Mama akatundika picha ya kichaka sebuleni, na kila mgeni alionyeshwa kabla ya kukaribishwa kiti.

Miaka ikapita, mvua kubwa ikanyesha, naye akarudi bondeni. Kichaka kilikuwa kimekua. Matawi ya chini yalikuwa na majani yale yale ya mviringo. Ya juu yalikuwa na majani membamba na maua ya njano ya mti ambao wataalamu waliujua kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa ameupa mti wa zamani jina jipya kwa sababu alikutana nao ukiwa mtoto. Hakuna mwingine aliyegundua. Angenyamaza, mama angebaki na mmea wake. Aliandika sahihisho yeye mwenyewe, kisha akapanda basi kwenda kumwambia, safari anayokiri kuwa ilikuwa ngumu kuliko zote za jangwani. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

“Kitu cha watu hurudishwa, mwanangu,” alisema.

Picha hakuitoa ukutani. Alisema inaziba ufa.

Tangu hapo hakuna mmea uliopita mezani kwa Mzee bila ua, tunda, mche na mti mzima. Vijana walioleta jani moja na furaha tele waliambiwa wasubiri mvua. Walinuna. Subira huvuta heri, ila jangwani huivuta polepole. Kati ya mimea kumi na tisa aliyoiandika baadaye, hakuna uliofutwa. Lakini jina la mama halikurudi. Sheria zetu haziruhusu jina lililofutwa lipewe mmea mwingine wa ukoo ule, na kwa ukoo mwingine hakuthubutu, akisema alishamsumbua mama mara moja, yatosha.

Sheria hizo, hata hivyo, ni za mimea. Miaka michache iliyopita, mjusi mdogo wa rangi ya mchanga alilala ndani ya kiatu cha Mzee kambini, naye akatuletea mjusi na kiatu chake, akilalamika. Mjusi huyo hakujulikana na yeyote. Tulitaka kumtangaza mwezi uleule, tukaambiwa mnachokijua. Tukasubiri mvua, tukapata dume, jike na watoto wao. Mzee aliisoma rasimu, akaijaza wino mwekundu, akauliza kwa nini nafasi ya jina iko wazi. Tulimdanganya kwamba bado tunabishana.

Mjusi ametangazwa wiki hii, naye anaitwa kwa jina la mama yake Mzee. Hilo halirudishwi, maana ni lake.

Mzee wetu, tunakupenda, na chumba kile kitatupwaya bila wewe. Asante kwa chai, kwa gundi na kwa kututia breki. Kapumzike na afya yako, na mvua ikukute kila unapopanda kitu. Mama yako yupo safu ya mbele, na chini ya kiti chake kuna picha kubwa ya mjusi yenye fremu. Ametuarifu kwamba ufa wa sebuleni umerefuka, nafasi ipo.