Kwa Nini Mkuki wa Saimi Hauvuki Kamba

Kijiwe chetu ni benchi refu mbele ya sheli ya Hilkka, hapa Kuusivirta, na ukikaa pale na kikombe chako unauona uwanja wote wa michezo ng'ambo ya barabara. Wateja wa kudumu ni watatu. Urho tunamwita Themanini, kwa kuwa anadai ujanani alirusha mkuki mita themanini, ingawa nilipoanza kumsikia zilikuwa sitini na tano. Pentti ni Barometa, anayebishana hata na mvua inayomlowesha. Wa tatu ni mimi, dereva mstaafu wa lori la maziwa. Kiangazi hiki tuna hoja moja tu. Saimi, binti wa hapa hapa, Jumapili anashindania nafasi ya kuirushia Finland mkuki dhidi ya Sweden. Ametandaza kamba nyeupe uwanjani, pale mkuki wake unapotakiwa kupavuka. Juni alikuwa anaivuka kila jioni. Tangu Julai mkuki unaanguka upande wa huku, na sisi chakula hakipandi.

— Umeuona huo? Urho alisema. Umefia njiani.

— Kiwiko hicho, nikasema.

— Kiwiko wapi! Ni wale wakubwa wa riadha waliousogeza uzito wa mkuki mbele. Enzi zangu mkuki ulikuwa unaelea. Unarusha, unakwenda kunywa kahawa, unarudi uko bado hewani.

— Urho, uzito ulisogezwa Saimi hajazaliwa. Mbona Juni alivuka?

— Juni mkuki ulikuwa haujashtuka.

Hilkka alitoka na birika na mikate ya iliki, akatumiminia.

— Binti ana upweke, alisema. Tangu Ilmo kaka yake aende jeshini mwanzoni mwa Julai, hana wa kucheka naye.

— Upweke haukai mkononi, mama, Urho akamjibu. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

— Nguruwe kaingiaje hapa? Hilkka akauliza.

— Si tunazungumzia mkuki?

Pentti alikuwa akitafuna mkate, na Pentti akitafuna taratibu ujue anapika jambo.

— Mnahangaika bure, akasema. Wale wa ng'ambo ya ziwa wamekata misonobari yao yote. Mnadhani wanataka mbao? Wametufungulia upepo.

— Upepo wa kumzuia Saimi? nikauliza.

— Nani mwingine? Mimi napepesuka?

— Wewe unapepesuka Jumamosi tu, nikasema.

— Haya, chekeni. Shuleni hamkufundishwa kwamba nchi yetu inainuka kutoka baharini kila mwaka? Basi haiinuki sawasawa. Upande wa kamba umepanda. Yule mtoto anarusha mlimani, jamani, na hajui.

Urho aliinamisha kichwa akaupima uwanja kwa jicho moja. Nakiri na mimi niliinamisha changu.

— Kweli umepanda, Urho akasema taratibu. Ndo maana na magoti yangu yananiuma nikienda posta.

Kabla hatujamaliza kuuinua uwanja, gari la Mswidi, lile la kulala humo humo safarini, likasimama kuweka mafuta. Akashuka mwanamume wa makamo, akajitambulisha kwa Kifini cha kuvunjikavunjika kuwa ni Stellan, akanunua kahawa, akasimama pembeni yetu kumtazama Saimi. Saimi alirusha. Akatembea hadi uliko mkuki, akaung'oa, akatembea kurudi, akarusha tena, akatembea tena.

— Samahani, Mswidi akauliza. Nani anamrudishia mkuki?

Pentti alikitazama kikombe chake. Kwetu kumwacha mtu na shughuli yake ndiyo heshima, humwendei asiyekuita. Kwa heshima hiyo tulikuwa tumekaa tangu Julai tukimwangalia binti akiichosha miguu yake.

— Ilmo ndiye alikuwa anamrudishia, Hilkka alisema mwishowe. Nimewaambia Ilmo kaenda jeshini, na mimi mwenyewe sikuelewa nilichosema.

Urho akaweka kikombe chini, kahawa imejaa. Akavuka barabara. Nasi tukamfuata, Hilkka na aproni yake, na sheli ikabaki na Mswidi.

— Hili la kusaidiwa na Mswidi lisitoke hapa, Pentti alininong'oneza.

Urho aliung'oa mkuki, akamletea Saimi, ncha ikitazama chini kama inavyotakiwa.

— Wewe rusha tu, mwanangu. Kutembea tuachie sisi.

Saimi aliupokea, machozi yakimlengalenga.

— Nilitaka kuwaomba tangu Julai, alisema. Niliona nitawasumbua, mnakunywa kahawa.

Hapo nilijisikia mjinga, na nikafurahi kuwa mjinga mwenye kazi ya kufanya. Tukajipanga kando ya uwanja tukipokezana ule mkuki. Saimi alipumzika, akanywa maji, akatania magoti ya Urho. Rangi ikamrudia usoni.

— Sasa kweli, akasema.

Urho alisimama pembeni mwa kamba, upande wa huku, mikono mfukoni. Saimi akakimbia, akaachia. Mkuki ukapanda, machoni petu ukaonekana juu ya vilele vya misonobari iliyo nyuma ya uwanja, ukampita Urho, ukaipita kamba, na yule mzee anayelalamikia njia ya posta akatoa mikono mfukoni, akaanza kuukimbilia.