Muzee Donatien na Kidole cha Land Rover

Kolwezi, tarehe 16 Februari 2025. Imepita miaka miwili na nusu hivi tangu niondoke Kindu. Tarehe 31 Machi mwaka huu, Muzee Donatien Tshimpaka, fundi umeme wa magari katika gereji yetu ya mtaa wa Kasuku, Kindu, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Mama Clémentine, mkuu wa gereji, aliniomba niandike wasifu wake wa kusomwa siku ya sherehe, kwa kuwa nilikaa naye benchi moja muda mrefu kuliko wengine. Mimi niliacha shule darasa la sita, na hapa nashinda nikibadilisha matairi ya malori ya migodi. Mkikuta sentensi imepinda, mjue ni mgongo wangu uliopinda kwanza.

Muzee Donatien ni mtoto wa reli. Baba yake alitoka Kasai akafanya kazi stesheni ya Kindu, na yeye akakua akisikiliza simu ya stesheni. Mwaka 1991 aliingia gereji. Magari ya wakati ule yalikuwa rahisi: kila taa na waya wake, kila waya na ugonjwa wake. Alifanya kazi kwa sikio, pua na balbu moja ya kupimia umeme.

Kisha vita vikaja. Treni zikasimama, vipuri vikakosekana, na kila mwenye silaha aliyepita alitaka gari. Hapo Muzee akaanzisha desturi ambayo mjini wengine wanaikumbuka mpaka leo. Land Rover za petroli zina kitu kinaitwa delko, kinachogawa moto kwenye buji, yaani plagi za kuwashia petroli. Ndani yake kuna kipande kidogo kinachozunguka, sisi tunakiita kidole. Ukikitoa, unaweza kusukuma gari mpaka Lokandu, halitawaka. Kila jioni madereva walimletea vidole vyao, na mke wake, Mama Tshiela, aliviweka ndani ya ndoo ya unga wa muhogo. Asubuhi kila mtu alikuja kuchukua chake. Madereva walisema Tshimpaka anakula ugali wa vyuma. Lakini vita vilipoisha, Land Rover zetu zote zilikuwa bado uwanjani.

Amani ilileta magari mapya, na magari mapya yalileta kalkilateri, yaani visanduku vyenye akili: kimoja cha injini, kimoja cha breki, kimoja cha dashibodi. Ilileta pia valizi, ile mashine ya kuchomeka chini ya usukani ili gari litaje ugonjwa wake. Muzee aliipenda valizi upesi mno. Mara ya kwanza ilitaja sonda ya moshi, kile kifaa kinachopima moshi wa injini, akaagiza sonda mpya, ikaja kwa ndege baada ya muda mrefu, akaifunga. Taa ya injini ikabaki inawaka. Bomba la moshi lilikuwa na tundu ambalo hata kuku angeliona. Alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku ile alituambia: « Valizi inasema nani analalamika. Haisemi nani mugonjwa. »

Mtandao wa gari alitufundisha kwa simu ya reli. Zamani stesheni zote zilikuwa kwenye waya mmoja. Mmoja akiongea wote wanasikia, na kila mmoja anachukua linalomhusu. Katika gari jipya ni vilevile: visanduku vyote vimeshikana na waya mbili zilizosokotwa pamoja kama nywele za binti. Injini inataja mwendo wake, dashibodi inasikia na kusogeza mshale. Wawili wakianza pamoja, mwenye neno la haraka ndiye anayepita, mwingine anangoja. Na kwenye kila mwisho wa waya hizo kuna rezistansi, kipande kidogo kinachomeza maneno yakifika, yasigonge mwisho na kurudi kuvuruga wengine.

Somo hilo ndilo lililookoa kazi yetu mwaka 2016. Gari jipya la kubeba chanjo, mali ya mteja wetu mkubwa, liliharibika kwenye barabara ya Kampene. Dashibodi iliwaka taa zote kama mti wa Noeli, injini ikakosa nguvu, valizi ikachomekwa, mara inapata jibu, mara haipati. Muzee alihangaika siku kadhaa. Mama Clémentine akaja kwenye benchi na kusema wazi:

« Baba Donatien, mimi nakupenda, lakini mapendo haiwashake gari. Kama Ijumaa iko hivi, inaenda Kisangani, na benchi ya umeme nafunga. »

Benchi ya umeme ilikuwa Muzee, fundi mwenzangu Dodo na mimi. Nilikuwa na watoto wanne. Sikula vizuri wiki ile.

Siku ya Alhamisi Muzee aliiweka valizi pembeni. Alitoa waya wa betri, akashika kipimo cha umeme, akagusa matundu mawili ya plagi ya valizi, yale ambamo waya mbili za mtandao zinapita. Rezistansi mbili zikiwepo, kipimo kinasoma omu sitini. Kilisoma mia na ishirini. Akainuka na kusema rezistansi moja haipo, mwisho mmoja wa waya uko wazi, maneno yanarudi. Akafuata waya mpaka nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Pale palikuwa na nafasi tupu ya plagi ndogo inayobeba rezistansi. Haikuvunjika. Ilitolewa kwa mkono.

Akamwita Isidore, dereva wa gari lile, mmoja wa wale wa zamani waliokuwa wakileta vidole.

« Isidore, ulitosha nini humu, ulichomoa nini? »

« Kitu kidogo tu, Muzee. Walisema hali ya muji haiko muzuri. Nikatafuta kidole, nikakosa. Nikatosha hiyo nyeupe. »

« Na asubuhi? »

« Asubuhi gari ikawaka bila hiyo! Nikaona si kitu, nikaacha ndani ya kopo ya kahawa. Lakini Muzee, njo weye ulitufundisha: gari isilale muzima! »

Muzee alimtazama, akatutazama sisi, kisha akapiga paja lake. « Kumbe siku hizi zote mugonjwa njo mimi! »

Dodo alikimbia na Isidore kuleta kopo. Plagi ilirudi mahali pake, kipimo kikasoma sitini, taa zikazimika. Ijumaa gari lilikuwa njiani kwenda Kampene, na benchi ya umeme iko mpaka leo. Muzee aliwakusanya madereva wote, akawaambia kwa mdomo wake kwamba desturi ya vidole imekwisha kwa magari mapya.

Kwa magari ya zamani hakusema kitu. Nilipoondoka kutafuta karo ya watoto huku Kolwezi, aliinama kwenye Land Rover yetu ya mwisho, akachomoa kidole na kunitia mkononi. « Mwenye kidole anarudiaka, » alisema. « Bila yeye gari haitoke. »

Mama Clémentine ananiambia mnapanga kumpeleka Muzee nyumbani kwa Land Rover hiyo siku ya sherehe. Wandugu, msiihangaikie, haitawaka. Mpelekeni kwa pikipiki. Ananiambia pia kwamba hajampa mtu benchi ya Muzee, ananingoja.

Muzee, asante kwa mkate wa nyumba zetu. Lala mpaka jua lipande, kula ugali wa Mama Tshiela usio na vyuma, uishi siku nyingi za amani. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Mei. Treni ikienda vizuri, kabla ya Juni kwisha nitakuwa Kindu na kidole mfukoni. Jioni hiyohiyo uvae koti lako: nakuja kukuchukua kwa Land Rover.

Florentin