Japheth Khavere na Miaka Thelathini na Mmoja ya "Bado Kidogo"

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Asubuhi hii kuna manyunyu na baridi kali hapa Nyeri, na mlima haujaonekana tangu Jumanne. Jumatatu ijayo, tarehe 30, Bw. Japheth Khavere atarudisha funguo za afisi namba sita na kustaafu, baada ya kukihudumia kituo chetu cha utafiti wa mimea kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Nimefanya kazi naye kwa kumi na tisa kati ya miaka hiyo, na amenikasirisha karibu yote.

Bw. Khavere alizaliwa Vihiga. Aliajiriwa hapa tarehe 2 Mei 1994 kama msaidizi wa maabara. Mwaka 2003 alipewa dawati jipya ambalo hakuna mwingine aliyelitaka: kuchukua yale ambayo wanasayansi wetu wamegundua na kuwasaidia watu wa hapa kuyageuza biashara. Bila saini yake, hakuna kilichotoka maabara kwenda sokoni. Saini hiyo ilikuwa adimu. Ukimwuliza lini, alijibu "Bado kidogo," na hilo ndilo likawa jina lake.

Tafiti arobaini na tatu zilipita mezani pake. Tisa zikawa biashara. Yeye hupenda kuzitaja hizo tisa. Mimi, niliyepiga chapa barua za kuwatuliza wenye zile thelathini na nne, nina maoni yangu.

Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kutia saini, aliipeleka bidhaa kwa mkulima mgumu kuliko wote aliowajua, Mama Wachuka wa Endarasha. Alimkabidhi bila maelezo, akaketi juu ya mtungi uliopinduliwa, akatazama. Jambo hili lilimaliza siku nzima. Gari la pekee la kituo lilikuwa huko pamoja naye, nasi tukaenda posta kwa miguu.

Mwishoni mwa 2018 Nyawira, aliyekuwa mhudumu wetu wa maabara, aliacha kazi ili atengeneze na kuuza unga wa kuvu uliogunduliwa na Dkt. Theuri. Kuvu hiyo ni hai. Hukaa udongoni na kulinda mizizi ya viazi isioze. Nyawira alikuwa amepata kibanda cha kufanyia kazi huko Kiganjo, na mwenye kibanda alimpa hadi Ijumaa, tarehe 15 Machi 2019, alete hati yenye saini yetu. Nilimkumbusha Bw. Khavere kwa maandishi tarehe 9 Oktoba, na tena tarehe 14 Januari. Alienda Endarasha tarehe 12 Machi.

Mama Wachuka aliifungua pakiti kwa meno na kumwaga unga kwenye pampu ambayo tayari ilikuwa na dawa ya baridi, ile ya kuua kuvu inayochoma majani ya viazi. Kuvu yetu ikafa kabla ya kufika shambani. Onyo lilikuwepo kwenye pakiti, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Alipoulizwa kwa nini amechanganya, Mama Wachuka alijibu: "Na wewe ulitaka nizunguke shamba mara mbili na mgongo ya nani? Maji nimetoa mtoni na punda. Kila kitu inaenda kwa pampu moja. Uliza mtu yeyote hapa."

Bw. Khavere aliuliza. Wakulima kumi na mmoja, jibu moja.

Hakutia saini. Kibanda kilichukuliwa na muuza magodoro, na msimu wa mvua ukapita. Nyawira alikuja akasimama mlangoni pa namba sita. "Khavere, mimi nimeacha kazi. Unajua maana ya kuacha kazi? Si ungeenda huko Oktoba!" Hakumsalimu tena kwa miezi minane. Nami nilimnyima chai kwa wiki mbili, na sijutii.

Lazima niseme kwamba hakukaa tu. Alirudi Endarasha mara sita, na ni Mama Wachuka huyo huyo aliyemwonyesha njia: "Kama hutaki niweke kwa pampu, usiniletee unga. Niletee kitu ya kuweka na mbolea, siku ya kupanda. Hiyo siku sibebangi pampu." Dkt. Theuri alilalamika mwezi mzima, kisha akaikuza kuvu ndani ya samadi ya mbuzi. Samadi hiyo hununuliwa Doldol, ambako zamani ilirundikana tu nyuma ya maboma. Nyawira alianza upya mwaka 2021. Leo ana wafanyakazi kumi na wanne, na magunia yake huuzwa hadi Timau.

Watu husema kwamba basi Bw. Khavere alikuwa sahihi. Ndiyo. Angekuwa sahihi pia mwezi wa Oktoba.

Jumanne wiki hii alienda Kiganjo kuaga, nami nikamsindikiza. Alisimama katikati ya magunia na kumwambia Nyawira, mbele ya wafanyakazi wake wote, kwamba alichelewa miezi mitano, na kwamba msimu ule uliopotea aliupoteza yeye. Hakutoa sababu yoyote. Nyawira akamjibu: "Miaka sita, Khavere. Hata hiyo pole ulikuwa unaifanyia majaribio?" Wafanyakazi wakaangua kicheko. Kisha Nyawira akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, na hakuuachilia upesi. Alimpa gunia moja aende nalo Vihiga, akamwagiza apande kwanza, ndipo aanze kuhoji majirani.

Bw. Khavere, tunakushukuru, maabara na masjala pamoja. Nenda ukaote jua la kwenu. Tunakuombea afya njema, mvua ya wakati wake, na majirani wenye subira kutuzidi sisi.

Njoki Muchiri, Masjala