Mlango Aliotoboa Sista Kamanthe

Wapendwa waombolezaji, majirani wa Muthetheni na jamaa mliotoka Kathiani, mimi Erastus, kaka yake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya dada yetu, na kwa kuwa yeye hakuvumilia hotuba ndefu, nitajitahidi nisimkasirishe.

Marehemu Kamanthe Muthoka alizaliwa tarehe 12 Machi 1959 huko Kathiani, binti wa pili wa mzee Nzioka na mama Kaluki, wakulima wa mahindi na maharagwe, akasoma shule ya msingi kijijini hadi 1972, sekondari hadi 1976, na mwaka 1978 akajiunga na mafunzo ya uuguzi mjini Machakos, akahitimu 1981 na kuajiriwa wodi ya watoto. Tangu utotoni hakujua kutulia, chai aliinywa amesimama, na siku ya harusi yake na Muthoka, tarehe 18 Agosti 1984, aliiacha meza kuu akaenda kumpepea mwanakwaya aliyezimia kwa joto, bwana harusi akabaki kutazamana na keki. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nzisa, aliyezaliwa 1986, na Wesley, aliyezaliwa 1989.

Januari 1995 alihamishiwa kliniki iliyofunguliwa katika darasa moja la shule yetu ya msingi hapa Muthetheni, ili watoto wa wazazi wasio na uwezo watibiwe karibu na kwao, na kamati ya shule ikaweka sharti kwamba dawa ni za wanafunzi pekee, na mwanafunzi hujulikana kwa sare. Akina mama hawakukosa ujanja, wakaanza kuazimana sare, ikawa foleni imejaa vitoto vyenye masweta yanayofagia vumbi, na kimoja kilipoulizwa kiko darasa la ngapi kikajibu la nane, ilhali meno ya mbele hayajaota yote. Kamanthe aliona, akacheka, akawatibu, akidhani ameikomoa kamati.

Jumatano tarehe 12 Mei 1999, malaria ikiwa imeshika kila boma baada ya mvua, jirani yetu Kalunde, ambaye ameniruhusu nimtaje, alifika alasiri amembeba mwanawe Kioko wa miaka mitatu, aliyeamka na homa kali, amevalishwa sare ya kuazima iliyokuwa bado na unyevu, na mtoto alikuwa ameshakata roho mgongoni. "Sista, nilikuwa nangojea yunifomu ikauke," alisema Kalunde, maana aliamini kwamba bila sare angefukuzwa mlangoni. Dada yetu hakulia mbele ya watu, lakini tangu siku hiyo nyumbani hatukumtambua, alizunguka uani kutwa, hali chakula kikaisha, akijilaumu kwamba kila alipouchekea ule mchezo wa sare alikuwa anawafundisha akina mama kuliheshimu sharti ambalo halikustahili heshima.

Jumamosi iliyofuata alimwita fundi Aloys, wakautoboa ukuta wa kliniki upande wa barabara na kutia mlango, akatangaza kwamba anayeingilia huko hajakanyaga shule na hahitaji sare. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Justus, alimwambia, "Sista, wewe uliletwa hapa juu ya watoto wa shule, si ya kijiji mzima," naye akamjibu, "Mwenyekiti, hao ndio wanafunzi wako wa kesho, kama watafika." Aliandikiwa barua za onyo, akawashia nazo jiko, na mlango ukabaki wazi miaka minane.

Mwaka 2006 aliona uvimbe kwenye titi, na yeye aliyemkemea kila mama aliyechelewa akanyamaza hadi ugonjwa ukaenea, mganga hajigangi, na tuseme wazi kwamba jambo hilo bado linatukasirisha. Aliacha kazi Julai 2007 na kulazwa mjini Machakos, na Nzisa alipomweleza kwamba kamati imeutia mlango wa barabarani kufuli hadi atakapoletwa muuguzi mwingine, aliomba viatu vyake. Alituacha Jumanne tarehe 6 Novemba 2007, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, naye hakuwa mgonjwa rahisi, majirani waliotuletea maji na kuni bila kuitwa, walimu na wauguzi wenzake, pamoja na kanisa. Tunamshukuru pia Bwana Justus, aliyetupatia hema hili, na kwa kuwa ameketi hapa mbele, familia imenituma nimuulize kando ya jeneza, bila ubaya wowote, Jumatatu mtoto asiyesoma shule hii akishikwa na homa, atapitia wapi?

Pumzika kwa amani, dada, kama utaweza.